Kruzi Ikigoma, Tazama Kwanza Taa za Breki

Mazungumzo na wamiliki wa magari wa mji wa Morogoro na vijiji vya Uluguru



Nawashukuru kwa kuitikia wito huu, hasa nyinyi mliotoka Mgeta, Kinole na Matombo, ambako kufika mjini kabla ya saa nne asubuhi ni kazi ya kuamka gizani.

Kabla sijaanza, naomba nitenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara. Kipo kifaa kinachofungwa kwenye mabasi na malori ili yasiweze kupita mwendo uliowekwa. Hicho ni kidhibiti mwendo, na leo sikizungumzii. Nazungumzia mtambo uliomo katika magari madogo mengi tunayoyanunua yakiwa yametumika Japani: dereva akishafikia mwendo anaoutaka, hubonyeza kitufe, akaondoa mguu kwenye pedali ya mafuta, na gari likaushika mwendo ule lenyewe. Mafundi wetu huuita kruzi kontroli, au kruzi kwa kifupi, nami nitafuata ulimi wao.

Huenda mtu akauliza kwa nini tukae kitako kuzungumzia anasa, ilhali magari yetu yana maradhi mengi yaliyo mazito kuliko hilo. Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba kruzi, kwa jinsi ilivyoundwa, haikubali kufanya kazi isipokuwa imeridhika na vitu kadhaa vya gari kwa pamoja: umeme unaoiingia, ethi inayourudisha umeme huo kwenye betri, swichi ya breki, na habari za mwendo wa magurudumu. Kimoja kikiyumba, yenyewe hugoma, hata kama gari bado linatembea bila kuonyesha dalili nyingine. Anayeipuuza anapuuza onyo la mapema. Na asiyeielewa huuziwa vitu asivyovihitaji. Hilo la pili ndilo linalotuletea malalamiko.

Mtambo wenyewe, nadhani mtafurahi kulijua hili, ulibuniwa na mtu asiyeona. Mhandisi Ralph Teetor wa Marekani alipoteza uwezo wa kuona akiwa na umri wa miaka mitano. Alipata hataza ya ubunifu wake mwaka 1950, na magari ya kwanza kuuzwa yakiwa nao yalikuwa ya Chrysler ya mwaka 1958. Husimuliwa kwamba kilichomsukuma ni kupanda gari na wakili wake, ambaye kila alipozungumza alipunguza mwendo na kila aliposikiliza aliongeza. Sisi sote tumewahi kupanda gari la wakili huyo.

Sasa niwasimulie shauri moja tulilolipokea. Mama mmoja hununua mboga Nyandira, kule juu Mgeta, na kuzipeleka Dar es Salaam. Mzigo hupakiwa kwenye lori, naye hutangulia na gari lake dogo ili awawahi wanunuzi. Alikuja kwetu na mkoba wenye risiti mbili na karatasi moja ya makadirio. Maelezo yake yalikuwa haya. Kwanza kruzi iligoma. Alikuwa ameizoea sana kati ya Morogoro na Chalinze, kwa kuwa ilimsaidia asipitilize mwendo akakutana na askari mwenye tochi. Akaonyesha gereji, akaambiwa kruzi si kitu cha lazima, aendelee na safari. Siku chache baadaye gari likakataa kuwaka asubuhi. Akauziwa betri mpya. Betri mpya nayo ikaisha chaji kabla wiki haijakwisha. Akaambiwa alteneta imechoka, ikabadilishwa. Gari likakataa tena. Mara ya tatu akaambiwa kwamba kompyuta ya kruzi imeharibika na ndiyo inayonyonya umeme usiku, kwa hiyo lazima inunuliwe nyingine. Bei aliyotajiwa ilizidi ile ya betri na alteneta kwa pamoja. Hapo ndipo alipokata shauri la kuja kwetu.

Tulimwomba fundi umeme asiyehusika na shauri lile alitazame gari. Hakugusa kompyuta yoyote. Aliinama chini ya usukani, akatazama juu ya pedali ya breki, akauliza kama kuna mtu ameona kipande kidogo cha plastiki sakafuni. Kilikuwa chini ya zulia la miguu, kimevunjika vipande viwili, ukubwa wake kama kifungo cha shati.

Kazi ya kipande hicho ni rahisi kueleza. Pedali ya breki inapokuwa imetulia, husukuma kipini cha swichi kilicho juu yake. Ukikanyaga, pedali huondoka, kipini hutoka nje, swichi hufunga njia na taa za breki huwaka. Mahali pedali inapokutana na kipini pana tundu, na katika tundu hilo hupachikwa kile kipande cha plastiki ili kipini kipate pa kuegemea. Plastiki ikizeeka kwa joto, hukatika na kuanguka. Kipini kinaingia tunduni na kubaki kimetoka. Tangu hapo swichi inaamini kwamba dereva anakanyaga breki mchana na usiku.

Fuateni matokeo yake. Kruzi imeundwa ijitoe mara tu breki inapokanyagwa. Hilo ndilo sharti lake la kwanza la usalama. Ikiarifiwa kwamba mguu uko kwenye breki wakati wote, haitakubali kushika mwendo hata siku moja. Haikuwa imeharibika, ilikuwa inatii. Na taa za breki, katika magari mengi, huwaka hata ufunguo ukiwa umetolewa. Taa mbili za wati 21 kila moja ni wati 42, ambazo kwa betri ya volti 12 hunywa ampea tatu na nusu. Kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa 11. Zidisheni, mtapata zaidi ya ampea-saa 38 zilizotoka katika betri ambayo uwezo wake wote ulikuwa 45. Asubuhi haikubaki nguvu ya kuzungusha injini. Betri mpya isingeweza kuponya hilo, wala alteneta mpya.

Mlinzi wa nyumba alikuwa ameuona wekundu ule ukutani kila usiku. Alipoulizwa, alisema alidhani mama anapenda iwe hivyo. Na madereva waliokuwa nyuma yake barabarani walikuwa wakimwashia taa. Yeye alidhani wanataka kumpita, akawa anawapisha kwa adabu zote.

Kipande kipya kiligharimu bei ya soda mbili. Lakini si fedha pekee iliyonisumbua katika shauri lile. Mama yule alikuwa akiteremka kutoka Nyandira, kwenye kona zile ambazo upande mmoja ni mlima na upande wa pili ni bonde, na malori ya mboga nyuma yake, na hakuna dereva hata mmoja aliyeweza kujua ni lini anafunga breki. Taa inayowaka daima haisemi chochote. Kruzi ilikuwa imemwonya tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo neno langu kwenu ni hili: kruzi ikigoma, msianze na kruzi. Anzeni nyuma ya gari. Mtu mmoja akanyage breki, mwingine asimame nyuma. Taa zote zinawaka? Anapoachia pedali, zote zinazimika? Taa ambazo hazizimiki tumekwisha kuzieleza. Zisipowaka kabisa, tazameni fyuzi ya taa za breki, ambayo katika magari mengi ya Toyota imeandikwa STOP kwenye kifuniko cha kisanduku cha fyuzi, kisha balbu, kisha swichi ileile ya pedali. Mwenye gari la gia za mkono akumbuke pia kwamba pedali ya klachi mara nyingi ina swichi yake, na maradhi yake ni ndugu wa haya.

Lipo jambo ambalo hata mafundi hodari hulisahau. Katika baadhi ya magari, hasa ya zamani, kompyuta ya kruzi huchunguza waya wa taa za breki hata wakati pedali imetulia. Inategemea kuipata ethi kupitia nyuzi za ndani ya balbu. Balbu zote zikiungua, ethi hiyo inapotea na kruzi inagoma. Vivyo hivyo kijana akitoa balbu za kawaida akaweka za LED kwa sababu zinapendeza, kompyuta huweza kutoipata ile njia iliyoizoea. Ikiwa kruzi yako iligoma wiki ileile uliyobadilisha taa, rudisha balbu za zamani kwanza ndipo umtafute fundi.

Baada ya taa, umeme wenyewe. Kipimo kidogo cha volti, kile mafundi wanachokiita testa au mita, hakina gharama kubwa na kinatosha. Gari likiwa limelala usiku kucha bila kuguswa, betri nzima yenye chaji husoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki na nusu tu. Washa injini: sasa isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikibaki chini ya 13 huku injini inanguruma, alteneta au mkanda wake au nyaya zake zina kasoro. Hapo mtu akikwambia alteneta imechoka, ana msingi. Yule mama hakupimiwa hata mara moja kabla ya kuuziwa. Nimetaja magari ya kawaida. Yapo machache ya miaka ya karibuni ambayo kompyuta yake hupunguza chaji kwa makusudi, na mwenye gari la namna hiyo apime mara kadhaa.

Ethi nayo isidharauliwe. Umeme hutoka kwenye betri kwa waya, lakini hurudi kwa kupitia bodi la gari na ule waya mnene unaounganisha bodi, injini na upande hasi wa betri. Huku kwetu milimani ukungu na mvua havikomi kwa miezi, na matope mekundu hukaa kwenye viungo vya nyaya mpaka kutu ikaota. Kisha tunaosha injini kwa pampu yenye nguvu, na maji yanaingia mahali ambapo mvua isingefika. Washeni taa kubwa na injini ikinguruma, mguse kwa mita upande hasi wa betri na chuma cha injini. Mita isome karibu na sufuri. Ikizidi nusu volti, umeme unapata taabu kurudi nyumbani. Fungueni kiungo, sugueni kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, kisha kazeni.

Mengine nitayataja kwa haraka. Mshale wa mwendo ukiwa umekufa au unarukaruka, kruzi haina habari za kufanyia kazi, anzeni hapo. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, magari mengi huifunga kruzi kwa makusudi mpaka kosa la injini litatuliwe. Honi ikigoma pamoja na vitufe vya kruzi, na taa ya mfuko wa hewa ikawaka, basi huenda umekatika utepe wa nyaya unaojikunja ndani ya usukani. Huo usifunguliwe na mtu wa kubahatisha, maana mfuko wa hewa ukifyatuka usoni huumiza. Na msisahau kwamba kruzi nyingi hazikubali chini ya kilomita 40 hivi kwa saa, na kwamba kitufe cha kuiwasha si kile cha kuiwekea mwendo. Tumewahi kupokea lalamiko ambalo dawa yake ilikuwa ni kusoma kitabu cha gari, ambacho bahati mbaya kilikuwa cha Kijapani.

Nizungumzie fyuzi, kwa sababu hapa pana hatari ya moto. Fyuzi huungua ili waya usiungue. Iliyoandikwa ampea 10 ibadilishwe kwa ya ampea 10. Ikiungua tena, kuna shoti mahali fulani, na kazi ni kuitafuta: mara nyingi ni pale palipounganishwa redio, alamu au taa za nyongeza kwa waya uliosokotwa na kuzungushiwa nailoni, au pale panya alipopitia. Kuweka fyuzi kubwa zaidi, au kipande cha waya, au ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ni kuliambia gari liungue pahali pengine.

Wanaodhani natia chumvi wakumbuke yaliyotokea Marekani. Kati ya mwaka 1999 na 2009 kampuni ya Ford iliwaita wenye magari zaidi ya milioni 14 kwa awamu, kwa sababu ya swichi moja ndogo ya kuitoa kruzi. Swichi ile ilikuwa imeungwa kwenye mfumo wa mafuta ya breki, na umeme ulikuwa ndani yake saa zote, hata gari likiwa limezimwa. Mafuta ya breki yalipopenya na kukutana na umeme, yapo magari yaliyoshika moto yakiwa yameegeshwa, wenyewe wamelala. Tiba iliyotolewa kwa magari mengi ilikuwa ni kuongeza kipande cha waya chenye fyuzi. Fyuzi moja, ndugu zangu.

Sasa twende gereji. Wengi wa mafundi wetu ni waaminifu na wanajua kazi. Baadhi wamesoma VETA Kihonda, wengine wamefundishwa na wajomba zao pale Msamvu wakaelimika vizuri tu. Tatizo letu kubwa si wizi, ni kubahatisha kwa fedha ya mteja. Fundi hana kipimo, mteja ana haraka, basi hubadilishwa kitu kimoja baada ya kingine mpaka gari lipone au fedha iishe. Lipieni upimaji kama kazi inayojitegemea. Mtu akikupimia kwa nusu saa akakwambia hakuna cha kununua, amekufanyia kazi, na anastahili ujira. Tusipomlipa kwa kupima, tunamlazimisha apate riziki yake kwa kutuuzia.

Mashine ya kusomea makosa nayo isiwatie hofu. Ikiandika kosa la swichi ya breki, haijasema swichi imekufa. Imesema njia ile ina kasoro, nayo njia ina waya, viungo, fyuzi, balbu na kipande cha plastiki. Mwulizeni fundi: umepima nini, na mita ilisoma ngapi? Anayejua kazi hatachukia swali hilo. Takeni makadirio kwa maandishi kabla ya kazi kuanza. Kipuri cha zamani kilichotolewa ni mali yenu, kirudishwe mikononi mwenu. Takeni risiti ya EFD, na kama kipuri ni cha mtumba, iandikwe hivyo, pamoja na muda wa kukirudisha kisipofaa.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, na inataka huduma anayouziwa itolewe kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Mlaji ni wewe, hata kama unachokula ni betri. Lakini lalamiko lisilo na karatasi ni gumu kulisimamisha. Yule mama alirudishiwa fedha za alteneta baada ya mazungumzo mafupi, kwa sababu risiti zilikuwa mkobani na betri ya kwanza alikuwa ameichukua nyumbani. Ilipochajiwa na kupimwa, ilionekana ni nzima. Fedha za betri mpya hakuzidai. Alisema ataifunga kwenye taa za sola kule Nyandira.

Mwisho, kruzi ikishapona, isitumiwe kila mahali. Kruzi ya kawaida haioni kilicho mbele, wala haifungi breki. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako swala na twiga hukatiza barabara bila kuuliza, mguu wako uwe kazini. Kwenye lami yenye maji isiguswe, kwa kuwa tairi zikianza kuteleza mtambo huweza kuongeza mafuta wakati unahitaji kupunguza. Kwenye mteremko wa Mgeta au ule wa Kinole haina kazi kabisa. Huko gari hushikwa kwa gia ndogo. Mahali pake ni nyanda tambarare kama zile baada ya Dakawa, barabara ikiwa kavu na tupu, na hata huko ukiona vibanda vya nyanya ujue watoto wako karibu.

Nitapokea maswali, lakini si humu ndani. Tumeandaa mita mbili na fundi yuko uani pamoja na balbu za akiba. Tutoke sote, kila mwenye gari amchukue jirani yake asiyemfahamu: mmoja aingie akanyage breki, mwingine asimame nyuma atuambie anachokiona. Tuanze na magari yaliyo karibu na lango, ili wanaorudi Matombo wasichelewe.